Bibi kwenye Maporomoko ya Minnehaha

Ukimleta mzazi kutoka nyumbani aje akutembelee huku ughaibuni, wiki ya kwanza ni sherehe. Watu wa kwetu wanapita kumsalimia, simu hazikatiki, masanduku yanafunguliwa na kila mmoja anapata chake. Wiki ya pili mnampeleka kwenye maduka makubwa, anashangaa bei, mnapiga picha. Wiki ya tatu kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Ninyi mnakwenda kazini, watoto wanakwenda shule, na mzee anabaki peke yake ndani. Runinga inaongea lugha asiyoielewa, na dirishani hakuna cha kutazama ila maegesho ya magari.

Familia nyingi ninazozifahamu hapa Minnesota zimepitia hali hiyo. Wazee wengine hurudi kabla ya muda wao, na wakifika nyumbani husema tu kwamba Marekani ni baridi. Nimeona niwaandikie, ndugu wasomaji, kuhusu mahali padogo palipotusaidia sisi. Ni maporomoko ya maji ya Minnehaha, ndani ya jiji la Minneapolis.

Mama yangu alikuja mwanzoni mwa Mei. Ni mtu wa Marangu, mteremko wa Kilimanjaro, ana miaka 71. Maisha yake yote ameamka alfajiri kukata majani ya ng'ombe na kupita migombani. Uwanja wa ndege aligongewa muhuri wa miezi sita, nasi tukafurahi kweli. Mimi nafanya kazi usiku katika nyumba ya kulelea wazee. Baba watoto anaendesha lori na anaweza kukaa siku tano njiani. Mwanetu ana miaka kumi, amezaliwa hapa. Kiswahili anakisikia vizuri, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Kwa hiyo jioni nikiwa najitayarisha kwenda kazini, nilikuwa nawaona wawili hao wamekaa kwenye kochi moja, kila mmoja anamtazama mwenzake kwa upendo, na hakuna anayesema neno.

Siku moja asubuhi nimetoka zamu, Mama akaniita mezani. "Mwanangu, nimekuona, na mjukuu nimemwona. Nashukuru Mungu. Sasa nirudishe nyumbani."

Nikamwambia, "Mama, hujamaliza hata mwezi."

"Najua. Lakini hapa sina kazi. Nakula, nalala, nakula. Kwetu hata kuku wananihitaji."

Nilikuwa nimetoka kumlisha uji mama wa mtu mwingine, kumchana nywele na kumsikiliza habari za ujana wake, ndiyo kazi inayonilipa. Maneno hayo ya mama yangu yaliniingia. Nikapiga simu kuuliza gharama ya kubadilisha tarehe ya tiketi. Ilikuwa kubwa, lakini haikuwa nje ya uwezo wetu. Nikamwomba anipe mpaka mwisho wa mwezi.

Jumamosi iliyofuata tukaenda Minnehaha.

Kwa wasiopafahamu, niwaeleze kidogo. Minnehaha ni bustani ya jiji, na imekuwa mali ya Minneapolis tangu 1889. Kuingia ni bure. Ukija kwa gari utalipia maegesho. Ukija kwa treni ya jiji, ile ya mstari wa bluu inayokwenda uwanja wa ndege, unashuka kituo cha 50th Street na kutembea dakika chache tu. Juu kuna nyasi, meza za kulia chakula, vyoo, mgahawa wakati wa kiangazi na baiskeli za kukodi za magurudumu manne. Kijito kinapita katikati ya watu wanaochoma nyama na watoto wanaocheza mpira. Halafu, bila kukuonya, kinafika ukingoni na kujimwaga bondeni, futi 53, yaani kama mita 16.

Mita 16 si kitu cha kumtisha mtu wa Marangu. Kwao kuna Kinukamori, ambako watalii wanalipa kiingilio, na ukipanda mlimani kuna mengine makubwa kuliko hayo. Mimi nilitegemea Mama aangalie, atabasamu, aseme "pazuri", tule wali tuliobeba, turudi. Hakusema pazuri. Alishika ukuta wa mawe kwa mikono miwili, akaangalia maji yanakoangukia, kisha akageuka na kuangalia yanakotoka. Akaangalia sana huko. Maji yalikuwa mengi, kwa kuwa theluji ilikuwa imeyeyuka si muda mrefu.

Mwanangu akaniuliza kwa Kiingereza Bibi anatafuta nini. Nikamwambia amwulize mwenyewe. Akasita, kisha akatoa maneno matatu: "Bibi, unaona nini?"

Mama akamjibu kwa swali. "Mume wangu, haya maji nani anayafungulia?"

Mtoto akacheka, akaniambia Bibi anadhani maporomoko yana bomba. Nami nikajaribu kumweleza Mama kwamba huu ni mto tu, Mungu ndiye anayeuleta. Mama akatikisa kichwa. "Mto wa mjini hauendi hivihivi. Angalia kingo zake, zimejengwa. Huko juu kuna mtu."

Hapa inabidi nieleze Mama anatoka wapi, kwa wale wasioijua Uchagani. Kule maji ya mtoni hayaachwi yateremke yote. Kwa karne nyingi watu wamechimba mifongo, mifereji inayochepusha maji kutoka kwenye vijito vya mlimani na kuyazungusha mabegani mwa vilima hadi kwenye migomba na kahawa. Wageni wa Kizungu waliofika huko karne ya 19 waliiandika mifongo hiyo kwa mshangao. Kila mfongo una wenyewe, una siku za kuusafisha, na una zamu. Leo unafunguliwa kwa fulani, kesho kwa jirani yake. Asiyetokea siku ya kazi hatazamiwi vizuri siku ya kugawa. Mtu aliyekulia huko akiona maji yanapita, swali la kwanza kichwani mwake ni hilo hilo: yamefunguliwa na nani, na ni zamu ya nani.

Jioni ile mwanangu alichukua kompyuta yake akiwa na nia ya kumwonyesha Bibi kwamba hakuna mtu. Baada ya nusu saa akatoka chumbani amepanua macho. Mtu yupo!

Kijito cha Minnehaha kinatoka kwenye ziwa kubwa la Minnetonka, magharibi ya jiji, na kinatembea kama kilomita 35 kabla ya kufika kwenye maporomoko na kuingia mto Mississippi. Pale kinapotokea ziwani, mahali panapoitwa Gray's Bay, kuna bwawa lenye milango. Ziwa likijaa, milango inafunguliwa kwa kipimo. Ziwa likishuka chini ya kiwango kilichowekwa, inafungwa, na kijito kinabaki kutegemea mvua na chemchemi. Katika miaka ya ukame maporomoko yanaweza kukauka kabisa, ukaona mwamba mtupu. Zaidi ya hayo, mwaka 1964 Rais Lyndon Johnson alikuja kuyatembelea, na ulikuwa wakati wa ukame. Wakuu wa jiji waliona aibu kumwonyesha Rais mwamba mkavu. Wakafungulia mabomba ya zima moto huko juu ya kijito, maji yakateremka, Rais akapigwa picha na maporomoko nyuma yake.

Haya yote ilibidi mtoto amweleze Bibi kwa Kiswahili, maana mimi nilikuwa nakwenda kazini. Niliwaacha mezani. Neno "bwawa" alilijua kwa sababu ya kuogelea. "Mlango" alilijua. "Ukame" hakulijua, akasema "maji hakuna kwa muda mrefu", na Bibi akampa neno lenyewe. Nilipofika kwenye gari nilisikia Mama anacheka, kicheko kile cha kupiga mapaja ambacho sikuwa nimekisikia tangu ashuke kwenye ndege. Alikuwa anamcheka Rais wa Marekani aliyefunguliwa mfongo bila kuwa kwenye zamu.

Tangu siku hiyo wawili hao walipata kazi. Shule ilipofungwa mwezi Juni, wakaanza kwenda Minnehaha kila Jumanne na Alhamisi, mara nyingi pamoja nami kabla sijalala, baadaye peke yao kwa treni, simu mkononi. Mama alibeba chai kwenye chupa na mihogo ya kuchemsha. Mtoto alibeba daftari. Walikuwa na mahali pao pa kupimia. Kuna ngazi za mawe, zilizojengwa wakati wa mradi wa serikali wa kuwapa watu kazi miaka ya 1930, zinazoteremka mpaka bondeni. Mama alikuwa anateremka polepole akishika ukuta, anahesabu mawe yaliyolowa na yaliyokauka kando ya kijito, na mtoto anaandika. Maji yamepanda, maji yameshuka. Tukifika nyumbani anaangalia kama bwawani wamefungua au wamefunga. Mara nyingi Bibi alikuwa amekwisha kujua.

Ukishuka chini na kutazama ukuta wa mwamba, utaona ni tabaka. Juu ni mawe magumu ya chokaa, chini yake ni mchanga ulioshikana, laini, unaoweza hata kuukwaruza kwa kidole. Maji yanakula ule wa chini, yale mawe ya juu yanabaki yamening'inia, siku moja yanavunjika, na maporomoko yanarudi nyuma kidogo. Ndivyo yalivyofika hapo yalipo, baada ya maelfu ya miaka. Mama alipoelezwa hivyo akasema hata kwao ukiacha maji yapite chini ya ukuta wa shamba, utajikuta umehama bila kuhama.

Suala la jina nalo lilileta maneno. Mtoto alifundishwa shuleni, na watu wengi hapa watakuambia, kwamba Minnehaha maana yake ni "maji yanayocheka". Juu ya maporomoko kuna sanamu ya shaba ya kijana amembeba msichana mikononi akivuka kijito, Hiawatha na Minnehaha, iliyowekwa pale mwaka 1912. Hao ni watu wa kwenye shairi refu la Henry Wadsworth Longfellow lililotoka 1855. Longfellow mwenyewe hakuwahi kufika hapa. Shairi lake ndilo lililoufanya mji mzima wa wageni uje kuangalia.

Lakini jina ni la Kidakota, lugha ya wenyeji wa nchi hii. Mni ni maji. Haha, kwa ile h ya kukwaruza koo kama kh, ni pale maji yanapoporomoka. Basi. Minnehaha ni maporomoko ya maji, kama sisi tunavyosema. Kicheko kiliongezwa na waandishi wa Kizungu walioisikia "haha" kwa masikio yao.

Mtoto aliposikia hivyo akachora mstari kwenye daftari na kuandika: mni, maji, mringa. La tatu ni la Bibi, Kichagga cha kwao. Kisha akaanza kuona mni kila mahali, Minnesota, Minnetonka, hata Minneapolis yenyewe, ambayo nusu yake ni Kidakota na nusu Kigiriki. Alisoma vibao vya barabarani njia nzima mpaka nikamwomba aninyamazie.

Mama akauliza, "Hao wenyewe wako wapi?"

Ni swali ambalo mtu akiishi hapa miaka mingi huacha kuliuliza. Nikamwambia ninachokijua. Kulikuwa na vita mwaka 1862 kati ya Wadakota na Wamarekani. Baada ya vita, Wadakota wapatao 1,700, wengi wao wanawake, watoto na wazee, walifungiwa kambini majira yote ya baridi chini ya ngome ya Fort Snelling, jirani kabisa na hapa tulipokaa tukila mihogo, pale mto Minnesota unapokutana na Mississippi. Wengi walikufa. Mwaka uliofuata Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuwaondoa Minnesota. Lakini wapo. Wengine walirudi, wana vijiji vyao kusini mwa jimbo, na lugha yao inafundishwa hata Chuo Kikuu cha Minnesota. Ziwa moja kubwa la mjini limerudishiwa jina lake la zamani, Bde Maka Ska.

Mama akakaa kimya muda mrefu. Kisha akamwambia mjukuu wake, "Kwa hiyo sisi ni wageni wa wageni. Basi tukifika tuwe tunasalimia." Kuanzia siku hiyo, akifika juu ya ngazi, aliinamisha kichwa kidogo kabla ya kushuka. Mtoto naye akawa anafanya hivyo. Sikuuliza.

Mwezi Agosti mvua ilipungua. Maporomoko yakawa uzi, mtu unaweza kuona mwamba nyuma yake. Wageni waliokuja kutoka majimbo mengine walipiga picha mbili na kuondoka wamevunjika moyo. Mama ndiyo kwanza alifurahi, maana sasa angeweza kuona chini. Alimwonyesha mtoto pale jiwe lilipopasuka, pale mizizi iliposhika udongo, pale ambapo yeye angeweka kizuizi kama shamba lingekuwa lake. Mtoto alimjibu kwa Kiswahili chake cha kukata kata, cha kuchanganya ngeli, lakini alimjibu. Wakabishana. Nilikuwa nimelala usingizi wa mchana kwenye nyasi, nikaamshwa na sauti ya mwanangu akisema, "Hapana Bibi, maji haitapita hapo!" Nikafumba macho tena nisije nikaharibu.

Ile habari ya tiketi haikuzungumzwa tena. Mama alikaa miezi yake sita, akaondoka siku chache kabla ya muhuri kuisha, mwishoni mwa Oktoba, majani ya miti yakiwa yameanguka yote. Aliwahi kuona barafu nyembamba asubuhi kwenye kioo cha gari, akasema inatosha.

Januari mwanangu alinibembeleza twende Minnehaha kwenye baridi ya chini ya sifuri kabisa. Kama hujawahi kuyaona wakati huo, nenda angalau mara moja. Maporomoko yote huganda yakawa pazia la barafu, sehemu nyingine nyeupe, sehemu nyingine buluu. Kuna watu wanapita vizuizi na kuingia nyuma ya pazia. Usiwaige. Imekatazwa, barafu huanguka, na ngazi huwa zinateleza hata zikifungwa. Tulisimama juu kwenye ukuta na kumpigia Mama simu ya video. Kwetu ilikuwa saa tatu asubuhi, kwake saa kumi na mbili jioni. Tulimwona amekaa jikoni, moto nyuma yake.

Mtoto akageuza simu ili Bibi aone. Mama akasogeza uso karibu na kioo. "Wameyafunga?"

"Hapana Bibi, yameganda. Lakini chini yanapita. Sikiliza." Akainua simu juu ya ukuta. Upepo ulikuwa mkali, sijui kama alisikia kitu, ila alisema amesikia.

Kwa wenzangu mnaotarajia wageni mwaka huu, ninayo machache ya kuwaambia. Msitumie akiba yote kwa safari moja ya kwenda Niagara au Disney, halafu miezi mitano mzee akae ndani. Tafuteni mahali karibu, pa bure, panapofikika kwa basi au treni, penye viti na choo, ambapo mtaweza kurudi tena na tena. Maji ni mazuri kwa sababu hubadilika kila wiki, na wazee wetu wengi wanayajua maji kuliko sisi. Mkifika, msiwe na haraka ya kueleza. Mwacheni mzee aulize swali lake la kwake, hata kama mnaliona la ajabu, na mpeni mtoto kazi ya kulitafutia jibu na kulileta kwa Kiswahili. Msimsahihishe kila neno. Bibi atafanya hivyo, na kwake haitauma. Kwa Minnehaha, mwezi Mei na Juni maji ni mengi. Nendeni asubuhi, vaeni viatu visivyoteleza, na kama magoti ya mzee hayawezi ngazi, juu panatosha kabisa kuona.

Sisi tunajiandaa kumpokea tena, visa ikikubali. Jumapili iliyopita mwanangu aliongea naye karibu saa nzima, mlango umefungwa, nikasikia vipande tu. Alikuwa anamwuliza kuhusu mfongo wa Marangu, kama umeshasafishwa baada ya mvua, na zamu yetu ni siku gani.